Kuanza tenisi ukubwani: anzia ukutani

Mtu mzima anayetaka kuanza tenisi hapa Mtwara huuliza kwanza uwanja uko wapi na kocha ni nani. Mimi humwambia ayaweke kando maswali yote mawili. Kwa miezi miwili ya mwanzo unachohitaji ni ukuta, sakafu ngumu, mipira laini na mwenzako mmoja mwenye subira. Uwanja kamili una urefu wa mita 23.77, nao humchosha anayeanza bila kumfundisha: mpira unakuja kwa kasi, unaukosa, unaufuata hadi barabarani, unarudi unahema, na nusu saa ikiisha hujaugusa vizuri hata mara kumi. Wengi wanaoacha tenisi huachia hapo, wakijiona hawana kipaji. Kumbe waliruka hatua.

Maelezo haya yanamfaa mtu wa miaka thelathini, arobaini, hata hamsini na ushee, awe anafanya kazi bandarini, hospitali ya Ligula, darasani au dukani kwake Chikongola. Walioko Lindi na Masasi wabadilishe majina ya mitaa tu. Wa Newala, kule juu kwenye ubaridi wao, watacheza hata saa ambazo sisi wa pwani tumejificha kivulini.

Kabla ya kununua chochote

Kapime presha na sukari. Tenisi si mbio ndefu za taratibu. Unashtuka, unakimbia hatua tano, unasimama ghafla, unageuka, unasubiri, halafu unashtuka tena. Moyo unapanda na kushuka kila dakika. Kama presha imepanda bila wewe kujua, au kifua hukubana ukipanda ngazi, mtu wa kuanza naye ni daktari.

Ukishapata ruhusa, tumia wiki mbili kutembea haraka jioni na kuruka kamba kidogo. Msuli wa nyuma ya mguu, ule unaoshuka hadi kisiginoni, ndio unaowaangusha watu wa umri wetu. Umekaa miaka bila kusukuma, kisha siku moja unauamrisha uruke kufuata mpira. Uandae mapema: simama kwenye kingo ya ngazi kwa vidole vya miguu, shusha visigino polepole, panda tena, mara kumi na tano kila jioni.

Viatu, halafu raketi

Pesa ya kwanza iende kwenye viatu. Raba za kukimbilia zina kisigino kinene na laini kwa sababu zimetengenezwa kwa mtu anayekwenda mbele tu. Kwenye tenisi unakwenda pembeni kuliko mbele, na kisigino kirefu kikipinduka kinaondoka na kifundo chako. Tafuta kiatu chenye soli bapa na pana na ubavu mgumu. Kishike mbele na nyuma ukisokote: kisikubali kirahisi. Mitumbani vinapatikana ukiwa na subira ya kuchambua, lakini kagua gundi ya soli, maana kiatu kilichokaa miaka bila kuvaliwa kinaweza kuachia soli siku ya kwanza juani. Pekupeku usicheze. Saruji ya saa kumi jioni bado ni moto.

Raketi ya mtu mzima ina urefu wa sentimita 68.5 hivi. Kwa anayeanza, uzito wa gramu 260 hadi 285 bila nyuzi unatosha, na kichwa kiwe kikubwa kidogo. Kwenye fremu utaona namba 100 au 105. Hizo ni inchi za mraba za kichwa, na kadiri kichwa kinavyokuwa kikubwa ndivyo mpira uliougusa vibaya unavyosamehewa. Ukiona 25 au 26 iliyoandikwa kama urefu kwa inchi, hiyo ni ya mtoto, hata kama muuzaji anaapa.

Raketi ya mitumba si mbaya hata kidogo. Igonge fremu kwa kifundo cha kidole huku umeiweka karibu na sikio. Ikitoa mlio wa kutetema, kuna ufa. Angalia hasa juu kabisa ya kichwa, mahali panaposugua chini, na pale shingo inapogawanyika. Kisha ishike: kati ya ncha za vidole na kiganja ibaki nafasi ya kidole kimoja cha mkono wa pili. Mpini mwembamba mno utakufanya ukaze mkono, na kukaza mkono ndiko kunakozaa maumivu ya kiwiko nitakayoyasema mbele.

Nyuzi ziwe za nailoni, unene wa milimita 1.30, mkazo wa kilo 22 hadi 24. Vijana watakusifia nyuzi za poliesta kwa kuwa ndizo za wachezaji wa kulipwa. Ni ngumu, zinatikisa mkono, na mtu anayepiga polepole hafaidiki nazo. Nailoni nene inadumu, jambo linalofaa huku kwetu, maana uzi ukikatika na fundi hayupo karibu, raketi itapanda basi kwenda Dar. Nunua pia kitambaa cha kuzungushia mpini, cha aina inayonyonya jasho. Kwa joto letu la Januari mpini mtupu unateleza mkononi kabla hata hujaanza kuhesabu pointi.

Mipira

Hapa ndipo watu wazima wanapojinyima. Shirikisho la kimataifa la tenisi, ITF, linatambua mipira ya kujifunzia ya rangi tatu. Mwekundu ni mkubwa na mvivu wa kwenda: uko polepole kwa asilimia 75 hivi kuliko ule wa kawaida wa njano, na uwanja wake ni wa mita 11 hadi 12. Wa chungwa uko polepole kwa asilimia 50, uwanja wake mita 18. Wa kijani ni asilimia 25, na huo unachezewa uwanja mzima. Tangu 2012 mashindano ya watoto wa miaka 10 kushuka chini hayachezwi tena kwa mpira wa njano, na ndiyo sababu watu wanaiona hii mingine kuwa ya kitoto. Lakini kampeni ya ITF iliyoanza 2007 ililenga watu wazima wanaoanza vilevile, kwa hoja moja nyepesi: acheze mpira mtu siku ya kwanza, asiokote tu. Mpira wa chungwa ukikukera machoni, kubali ukere.

Usipoipata, tumia mipira ya njano iliyochoka. Kwa kanuni, mpira mzima ukidondoshwa kutoka sentimita 254 lazima urudi kati ya sentimita 135 na 147. Nyumbani pima hivi: udondoshe kutoka utosini kwako juu ya saruji. Ukirudi karibu na kiuno, ni mzima. Ukiishia kidogo juu ya goti, umechoka, na huo ndio mzuri kwa uwanja mfupi. Usipofika hata gotini, wape watoto wa mtaa wachezee rede.

Mipira ya kopo hupoteza hewa wiki chache baada ya kopo kufunguliwa, upende usipende. Kwa kuwa duka la kukimbilia haliko jirani, ukiagiza Dar uliza mipira isiyo na presha ndani. Inashika umbo kwa miezi, na kwa mazoezi ya ukutani haina mpinzani, ila ni migumu kidogo mkononi. Mpira ulioloa usiupige. Unakuwa mzito, na uzito huo wote unaishia kwenye kiwiko.

Ukuta

Tafuta ukuta wa tofali uliopigwa plasta, urefu wa mita mbili na nusu au zaidi, bila dirisha, na mbele yake sakafu ya saruji isiyopungua mita sita. Nyuma ya ukumbi, ubavu wa ghala nje ya msimu wa korosho, uzio wa taasisi yenye mlinzi anayekujua. Omba ruhusa kwanza. Ukuta wa nyumba anamolala mtu aliyetoka zamu ya usiku uuache. Kishindo cha mpira kinapenya ndani kuliko unavyodhani.

Chora kwa chaki mstari wa kulala, sentimita 91 kutoka chini. Huo ndio wavu wako, maana wavu halisi una sentimita 91.4 katikati. Juu ya mstari, kama nusu mita hivi, chora duara pana. Hilo ndilo la kulenga. Anayelenga mstari wenyewe anajifunza kugonga wavu.

Sasa mshiko. Bandika kiganja cha mkono wako wa kulia juu ya nyuzi, raketi ikiwa imesimama kwa ukingo, kisha telezesha kiganja kushuka hadi kwenye mpini na ufunge vidole. Huo ni mshiko wa fohendi, pigo la upande wa mkono unaoshika raketi. (Wa kushoto wageuze maelezo yote.) Ukazo wa mkono, kwa kipimo cha moja hadi kumi, uwe nne. Wanaoanza wote huanza na tisa.

Simama mita tatu au nne kutoka ukutani, ubavu wa kushoto ukielekea ukuta. Kichwa cha raketi kianze chini kuliko mpira. Dondosha mpira mbele yako, uache udunde, ukutane nao mbele ya nyonga ya kushoto, usawa wa kiuno, na raketi ipande taratibu hadi karibu na bega la kushoto. Uache mpira unaorudi udunde mara mbili kabla ya kuupiga tena. Ndiyo, mara mbili. Hapa hakuna mwamuzi, na ule mdundo wa pili unakupa muda wa kupanga miguu.

Tamka kwa sauti "dunda" mpira unapogusa chini na "piga" unapogusa nyuzi. Wapita njia watakushangaa siku mbili, ya tatu watazoea. Maneno hayo mawili yanalazimisha macho yabaki kwenye mpira, na yanafichua haraka tatizo lako: kama "piga" inakuja baada ya mpira kushakupita mwilini, unachelewa kuandaa raketi. Dawa ni kugeuza bega mapema, mpira ukiwa bado unatoka ukutani. Kuongeza nguvu hakusaidii.

Ukifikisha fohendi kumi mfululizo, ingia bekihendi, pigo la upande wa pili wa mwili. Kwa mtu mzima anayeanza napendelea mikono miwili: wa kulia chini, wa kushoto juu yake, na wa kushoto ndio ufanye kazi kubwa. Bekihendi ya mkono mmoja inapendeza kuitazama, lakini inadai bega na muda ambao wengi wetu hatuna. Bekihendi ikikubali, badilishana moja moja. Kisha mdundo mmoja. Kisha rudi nyuma hadi mita sita.

Dakika ishirini hadi thelathini zinatosha, mara tatu kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati. Ukuta una hila yake: hauchoki, haukosei, na mpira unarudi upesi kuliko ungetoka kwa mtu, kwa hiyo unakuvuta upige kwa nguvu zaidi na zaidi. Ukisikia umeanza kugombana nao, piga tano za polepole kabisa au nenda nyumbani.

Kiwiko kikianza kuuma upande wa nje, hasa unapokamua nguo au kunyanyua ndoo, pumzika tangu siku hiyo. Watu wanaopuuza hukaa miezi. Kagua mshiko, uone kama mipira imekufa au imeloa, na punguza mkazo wa nyuzi. Ukirudi, rudi kwa dakika kumi.

Uwanja mfupi

Ukutani umejua kupiga. Sasa unahitaji mtu na nafasi, na nafasi hiyo ipo katika shule na vyuo vingi: uwanja wa netiboli au wa kikapu. Uwanja wa netiboli una mita 30.5 kwa 15.25. Wa kikapu una mita 28 kwa 15. Uwanja mfupi wa tenisi, ule wa mpira wa chungwa, ni mita 18 kwa 6.5. Ukiuweka ndani ya uwanja wa netiboli, nyuma ya kila mchezaji zinabaki mita sita za kurudi nyuma; kwenye kikapu zinabaki tano, ila uangalie nguzo za magoli. Uwanja kamili ungeingia humo kwa mistari tu, na mchezaji angesimama nje.

Ruhusa inaombwa kwa adabu na kwa mpango, si kwa kupitia dirishani. Maongezi yenyewe ni mafupi:

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Karibuni."

"Asante, mwalimu. Tuko watu wanne tunajifunza tenisi. Tunaomba uwanja wa netiboli Jumanne na Alhamisi jioni, wanafunzi wakishatawanyika. Mistari ni ya chaki, inafutika, na tutaacha pamefagiliwa."

"Tenisi ile ya kwenye televisheni? Na vioo vya madirisha yangu?"

"Mipira ni laini, mwalimu, na tutachezea upande wa mbali na madarasa. Kioo kikivunjika tutalipa. Na wanafunzi wakitaka kujaribu, raketi mbili zipo."

Jambo la mwisho ndilo hufungua geti. Liseme tu kama utalitimiza.

Kuchora, muwe watu wawili, na kamba, futi ya utepe na chaki. Kona za mraba fundi ujenzi yeyote atakuonyesha: pima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na mshazari kati ya ncha zake ukiwa mita 5, kona iko sawa. Urefu wa uwanja uelekee kaskazini na kusini panapowezekana, la sivyo jioni mmoja wenu atacheza akitazama jua. Wavu unapita kwenye mita ya tisa. Mstari wa sevu (sevu ni pigo la kuanzisha pointi) mimi nauweka mita tano kutoka kwenye wavu kila upande, na wa kati unagawa eneo hilo visanduku viwili.

Wavu wa dukani hauna haja. Nenda kwa wavuvi wa Mikindani uombe au ununue kipande cha wavu uliochakaa, urefu wa mita nane. Matundu ndiyo ya kuangalia. Mpira wa njano una kipenyo cha sentimita sita na nusu, kwa hiyo jarife la samaki wakubwa litaupitisha na mtabishana kila pointi. Wavu wa dagaa nao ni mzito wa upepo, unajaa na kulala. Tundu la vidole vitatu ndilo sawa. Pitisha kamba juu, shona utepe wa kitambaa cheupe ili uonekane, funga kwenye mabomba mawili yaliyosimamishwa kwa zege ndani ya ndoo za rangi za lita 20. Katikati uwe sentimita 80: raketi ikisimama wima, na juu yake upana wa kiganja pamoja na kidole gumba. Siku mtakapocheza uwanja kamili, kipimo ni raketi moja wima na kichwa cha raketi ya pili kilicholazwa juu yake kwa upana. Inakaribia sana sentimita 91.

Kama uwanja wenyewe ni wa udongo, okoteni kokoto, nyunyizeni maji kidogo, sawazisheni kwa fagio la chelewa. Mpira utaruka vibaya mara moja moja. Kwenye saruji adui ni mchanga mwembamba unaoletwa na upepo: unateleza bila kuonekana, kwa hiyo fagia kila mara, hata kama jana mlifagia.

Jua, upepo na mvua

Saa nzuri ni kuanzia kumi na moja jioni, au alfajiri kukishapambazuka. Juni na Julai jua linazama mara baada ya saa kumi na mbili, basi fikeni mapema; Desemba mna karibu nusu saa zaidi. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na kipindi hicho ukuta uliofunikwa na paa ni mali.

Kusi likivuma, na upepo wa bahari ukaongezeka alasiri, mpira unaelea upande mmoja na kuanguka mfupi upande wa pili. Anayecheza na upepo mgongoni alenge chini na apunguze. Anayeukabili apige juu ya wavu kwa mwanya mkubwa bila woga. Mbadilishane upande baada ya gemu (fungu la pointi, hesabu yake iko mbele) ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea, kama kanuni inavyotaka. Kanuni hiyo ina maana zaidi hapa kwetu Shangani, ufukweni, kuliko mahali pengi.

Kunywa kabla ya kusikia kiu. Maji, na baada ya mchezo dafu au maji yenye chumvi kidogo na sukari. Ukihisi baridi ilhali kuna joto, au kichwa kikizunguka, keti kivulini na siku hiyo imeisha. Mfungo wa Ramadhani, anayetaka kucheza achukue dakika ishirini nyepesi karibu na futari, bila kuhesabu pointi. Mavazi yawe yanayokuruhusu kuinama na kukimbia. Akina dada wanaocheza na hijabu wachague nyepesi ya michezo isiyofunguka. Nyeupe ni sharti la Wimbledon, si la Mtwara.

Rali

Rali ni kurudishiana mpira bila kukatika. Anzeni ndani ya mistari ya sevu, mnaangaliana kwa mita tatu nne tu kila mmoja kutoka kwenye wavu. Kazi yenu ni moja, kumpa mwenzako mpira anaoweza kuurudisha. Hesabuni pamoja kwa sauti, moja, mbili, tatu. Kumi zikifika, kila mmoja arudi hatua mbili. Zikikatika mara tatu mfululizo, sogeeni tena mbele. Hivyo hivyo hadi mstari wa nyuma, na itachukua wiki kadhaa.

Kuna kijana atakayekuja na kutaka kuua kila mpira. Mwekeni na ukuta. Sisemi kwa chuki. Mtu wa namna hiyo anawanyima watatu waliobaki zoezi, na yeye mwenyewe hajifunzi kitu.

Miguu ndiyo inayotofautisha rali ya mipira minne na ya ishirini. Mwenzako anapokaribia kugusa mpira, wewe ruka kidogo sana na utue kwa miguu yote miwili, magoti yamelegea. Kiruko hicho kinakufanya uwe tayari kwenda upande wowote. Bila hicho utakuwa umesimama kwa visigino, na mpira wa hatua mbili tu utaonekana uko Nachingwea. Ukishapiga, rudi karibu na katikati. Usisimame kuangalia ulivyopiga vizuri.

Karibu na wavu kuna voli, kupiga kabla mpira haujadunda. Mfupi, bila kurudisha raketi nyuma, ukiuzuia tu mbele yako. Raketi isivuke upande wa pili kuupiga mpira ambao bado haujavuka wavu, na usiguse wavu mpira ukiwa unachezwa. Ukigusa, pointi ni ya mwenzako.

Sevu

Badilisha mshiko: ukingo wa raketi ukitazama chini, ishike kama panga. Kwa mshiko wa fohendi utaweza kusevu wiki ya kwanza na kukwama mwaka mzima.

Jifunze kurusha kwanza, bila kupiga. Mkono wa kushoto unyooke, uuachie mpira usawa wa macho, nao upae juu kidogo kuliko raketi uliyoinyoosha. Uache uanguke: unatakiwa kutua mbele ya mguu wa mbele, ndani kidogo ya uwanja. Ukitua nyuma ya kichwa, usiupige, rusha tena. Kanuni inaruhusu kuudaka na kuanza upya. Siku ya upepo rusha chini zaidi.

Kisha simama kwenye mstari wa sevu, karibu na wavu, upeleke mpira kwenye kisanduku cha mshazari kwa nguvu ndogo. Saba kati ya kumi zikiingia, rudi mita moja. Utafika mstari wa nyuma bila kutambua. Una nafasi mbili kila pointi, na ya pili iwe ya kuingia tu. Mguu usikanyage mstari kabla ya kuugusa mpira. Mpira ukigusa wavu na bado ukaingia kwenye kisanduku, ni leti, unarudia. Bega likiuma, sevu kwa chini, mkono ukitoka kiunoni. Ni halali kabisa, hata kama watani wako watacheka.

Mechi ya kwanza

Hesabu inakwenda 15, 30, 40, gemu. Mkifikia 40 kwa 40 ni diusi, na hapo mmoja lazima ashinde pointi mbili mfululizo: ya kwanza inampa advanteji, ya pili gemu. Seti ni gemu sita kwa tofauti ya mbili. Anayesevu ataje matokeo kwa sauti kabla ya kila pointi, ya kwake kwanza. Nusu ya magomvi yanaishia hapo. Nusu nyingine inaisha kwa hili: kila mmoja anaamua mpira wa upande wake, uliogusa mstari umeingia, na ukiwa na shaka sema umeingia.

Mkiwa wanne chezeni dabo, wawili kwa wawili. Mbio ni chache, mazungumzo ni mengi, na mwenye goti bovu anapata nafasi. Kwenye uwanja kamili dabo hutumia upana wa mita 10.97 badala ya 8.23, kwenye huu wenu mfupi ongezeni mita moja kila upande na inatosha.

Kocha sasa ana faida, kwa kuwa una maswali ya kumuuliza. Ukienda Dar kikazi, tenga jioni moja ulipie somo kwenye klabu yenye viwanja, mfano Gymkhana, na umwambie kocha aangalie mambo mawili tu, mshiko wa sevu na mahali unapokutana na mpira. Ukimwachia arekebishe kila kitu kwa saa moja, utarudi na orodha usiyoweza kuibeba. Mpira wa kijani na uwanja mzima vinafuata pale rali za ishirini zinapokuwa za kawaida kwenye huu mfupi.

Gemu zikifika sita kwa sita, chezeni taibreki: wa kwanza kufika pointi saba kwa tofauti ya mbili, sevu ya kwanza moja, halafu mbili mbili kwa zamu. Giza likiwakuta katikati, andikeni matokeo na nani alikuwa anasevu, mmalizie Alhamisi.